Geti la Ndaskoi

Julai 4

Leo tumekabidhiwa mfumo mpya wa maji. Injinia Godwin wa kampuni iliyoufunga alikuja na gari lililojaa nyaya, amevaa viatu vyeupe, na viatu hivyo vilikufa kwenye tope kabla hatujafika geti la pili. Nilicheka mpaka Mwenyekiti Nathanael akanikanyaga mguu. Yeye anapenda wageni waone kwamba skimu yetu ya umwagiliaji ina watu wa maana, na mimi katibu wake umaana huo sina.

Basi mageti yote ya mfereji sasa yana mota na laini ya simu. Kwenye majaruba vimechomekwa vipima unyevu, na kila baada ya muda vinatuma habari kwenye kompyuta zilizoko mbali huko, "kwenye wingu," kama alivyosema Godwin. Mzee Sifael alitazama juu milimani, ambako hatujaona wingu la maana tangu Mei, akamwomba atuletee hilo moja. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Godwin naye alicheka, kumbe ana moyo. Alieleza kwamba kompyuta hizo zinapiga hesabu iitwayo algoriti, ambayo inajifunza yenyewe kila siku shamba gani linataka maji kiasi gani, kisha inapanga zamu. Mwenye geti akitaka kufungua nje ya zamu, anaweza kutumia simu yoyote, hata kitochi. Anabonyeza menyu kama ile ya kutuma pesa, anaandika jina lake na neno lake la siri, geti linafunguka.

Kila mwakilishi wa geti akapewa bahasha yenye neno lake. Hapo ndipo Mzee Sifael aliposimama.

"Kijana, huku kwetu hatuna maji ya siri," alisema. "Wazee wetu huko juu milimani wakizibua ndiva, bwawa la ukoo, walipiga baragumu, kila mtu asikie nani anazibua na maji yanakwenda kwa nani. Anayezibua kimya ndiye mwizi. Hayo maneno yasomwe hapa, watu wote wasikie."

"Mzee wangu, neno la siri likisomwa si siri tena," alisema Godwin.

"Ndivyo tunavyotaka."

Makofi yalipigwa, na mimi nilipiga kuliko wote. Mimi ni mtoto wa huko juu, baba yangu alikuwa mtunza ndiva ya ukoo, na niliona fahari kwamba mila yetu imemshinda mtu wa kompyuta. Godwin akainua mabega. Bahasha nilizisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wote. Zote zilikuwa tarakimu ndefu ambazo hakuna atakayezikumbuka, isipokuwa moja. Ndaskoi, mwakilishi wa wafugaji, alikuwa ameomba apewe neno, kwa kuwa tarakimu zingemtoka kichwani. Amechagua Narok, jina la ng'ombe wake mweusi ambaye kila mtu hapa anamjua kwa wizi wa majani ya viazi. Watu walipiga kelele za furaha nilipolitaja.

Ndaskoi anashika geti la mwisho, la birika la kunyweshea ng'ombe. Makubaliano yetu na wafugaji ni ya tangu enzi za baba zetu. Ng'ombe wao wanapata maji Jumatatu na Alhamisi, nasi baada ya mavuno tunawaacha waingie mashambani kula mabua na kutuachia samadi. Hatujawahi kuandikishana.

Julai 9

Tumemaliza kupandikiza. Mgongo si wangu.

Julai 15

Mageti yanafunguka yenyewe na watu wanakwenda kuyatazama. Fanueli, mume wangu, amekwenda mara tatu leo. Mtu ambaye hainuki kitini hata nikimwita aje achukue chai yake! Wenzetu wa skimu ya Ndungu bado wanazungusha mageti kwa mkono na wanatuonea wivu.

Julai 23

Jua.

Agosti 2

Ndaskoi amekuja ofisini. Alisimama mlangoni akanisalimu kwa Kimaa cha kwao, "Takwenya," nami nikaitikia "Iko," maneno mawili ninayoyajua, kisha tukarudi kwenye Kiswahili.

"Mama Anaeli, maji yanakuja kidogo. Ng'ombe wa mbele wanakunywa, wa nyuma wanalamba saruji."

Nilifungua kishikwambi cha skimu alichotuachia Godwin. Mfumo unaonyesha geti lake limefunguliwa muda wote wa zamu, tena na zaidi. Nikamwambia labda birika linavuja. Alinitazama kidogo, akasema atalikagua.

Agosti 6

Birika halivuji. Nimekwenda mwenyewe na nimerudi na miba. Mfereji mdogo unaopeleka maji kule unapita kando ya majaruba ya chini, yetu yakiwemo, na ukingo wake umetobolewa mahali pengi kisha ukazibwa kwa tope. Nikaona ni panya buku.

Agosti 11

Jua. Mto umepungua, mawe yameanza kuonekana. Juu milimani kumenyauka.

Agosti 18

Tumemzika mama mdogo Naomi huko juu. Tulipanda alfajiri kwa gari la mwanakwaya mmoja, na nilipofika nilimkuta Ndaskoi na mkewe Nashilu wameshafika kwa miguu, wameleta kondoo. Sikutegemea. Mama mdogo alikuwa akiwapa maharage ya mkopo miaka ile mibaya, na hawajasahau. Ndaskoi alishika kamba pamoja na wajomba zangu wakati wa kuteremsha jeneza. Alasiri tulikaa kwenye nyasi tukala makande, yeye na Nashilu na mimi. Ukungu ulishuka, tukapata baridi. Nilimtania kwamba shuka lake lingetutosha wote watatu, akalivua akampa shangazi yangu. Kule simu hazishiki kabisa.

Nalia nikiandika. Mama mdogo ndiye aliyenifundisha kusoma.

Agosti 25

Mfumo umepunguza zamu za upande wa chini. Mto hauna maji, basi hesabu imebana. Majirani wanalalamika, lakini mpunga wao ni wa kijani, na wetu pia ni wa kijani, namshukuru Mungu. Ndaskoi amekuja tena. Ng'ombe wake mmoja amelala na hainuki.

Agosti 29

Jua. Hakuna mtandao kutwa.

Septemba 3

Asubuhi kishikwambi kimelia na kuwaka maandishi mekundu. "Matumizi yasiyo ya kawaida. Geti la birika. Mtumiaji: Ndaskoi. Geti limefungwa kwa usalama wa skimu."

Kumbe hesabu ile imekuwa ikimtazama. Imeona geti la birika likifunguliwa mara nyingi nje ya zamu, mwezi mzima, kila mara kwa jina lake na neno lake. Imehitimisha kwamba hapo kuna mwizi, ikafunga. Hakuna mtu aliyeamua. Nathanael aliita kamati hapo hapo na kusoma orodha kwa sauti nzito, siku moja baada ya nyingine, na Ndaskoi alisimama katikati yetu amekamata fimbo yake.

"Siyo mimi," alisema. "Ningefungua mimi, ng'ombe wangu wangekuwa wanene."

Nikasikia Agosti kumi na nane, alasiri. Nikaruka. "Siku hiyo alikuwa na mimi mazikoni! Alasiri hiyo hiyo tulikuwa tunakula makande, na kule simu haishiki!"

"Basi ni mkewe," alisema Nathanael.

"Mkewe alikuwa kando yangu."

"Mama Anaeli, una uchungu wa msiba, tunakuelewa. Kompyuta haina msiba."

Mzee Sifael alikuwa anatazama kucha zake. Nilimpigia Godwin nikamwomba atuambie simu zipi zilipiga menyu ile. Alisema kampuni hairuhusiwi kutoa namba za watu bila amri ya mahakama, na kwamba geti litafunguliwa tu endapo mwenyekiti wa skimu atathibitisha kuwa mtumiaji si hatari. Nathanael amesema hawezi kuweka jina lake mahali kama hapo mpaka mkutano mkuu ukae.

Kwa hiyo mpaka hapo birika ni kavu.

Septemba 6

Wanapeleka ng'ombe mtoni, mwendo mrefu juani, na huko nako wanafukuzwa na wenye mashamba. Nimeona mizoga miwili barabarani. Mmoja ni mweusi, ndiye Narok. Mbwa walishafika.

Septemba 8

Jua. Nimegombana na Nathanael sokoni mbele ya watu. Sijuti.

Septemba 12

Leo nimeona nilichokiona, na ninaandika kwa hasira, kwa hiyo mwandiko utakuwa mbaya.

Adhuhuri nilimpelekea Fanueli chakula shambani bila kumwambia. Nikamkuta ameinama kwenye ukingo wa mfereji mdogo, anaziba tundu kwa tope. Jembe liko pembeni. Tundu lilikuwa la zamani, limekauka, alikuwa analifuta tu lisionekane. Alinigeukia, akaniona, na uso wake ukaniambia yote kabla ya mdomo.

"Ni wewe," nilisema.

"Mara tatu tu. Labda nne."

"Kwa jina la Ndaskoi!"

"Mama Anaeli, acha kupiga kelele. Wewe mwenyewe ndiye uliyetusomea. Neno limesomwa mbele ya watu wote, basi ni la watu wote. Nani aliiba? Nilibonyeza tu. Hata Mzee Sifael alisema hakuna maji ya siri." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Na mpunga huu utakaoula wewe nani angeumwagilia? Kompyuta ilitunyima."

Nilimuuliza mara hizo nyingine ni za nani, maana orodha ni ndefu. Akasema hajui. Akasema alipokuwa akija kutoboa alikuta mara nyingine maji yameshafunguliwa na jaruba la jirani limeshashiba, akafikiri ni zamu.

Nilimwaga chakula pale pale mtaroni. Hasira zangu ndizo hizo, zinaishia kwenye sufuria. Lakini ninachokisikia moyoni si hasira tena, ni woga. Miaka yote hii nimelala kando ya mtu huyu nikijua ni mvivu, na uvivu nimeuzoea. Huyu mwingine simjui.

Anataka ninyamaze. Anasema nikimtaja, skimu itatunyang'anya jaruba, na mtoto wetu Anaeli amebakiza mwaka mmoja chuoni. Hilo ni kweli.

Septemba 13

Nimenyamaza.

Septemba 14

Nimenyamaza.

Septemba 16

Nashilu amekuja nyumbani na kibuyu cha maziwa, kidogo sana, maziwa ya mwisho labda. Amesema ni ya kunishukuru, kwa kuwa kwenye kamati ni mimi peke yangu niliyemtetea mume wake. Fanueli alikuwa anasikiliza chumbani. Nilipokea maziwa. Nilisema karibu tena. Ningeweza kuyamwaga na haya, lakini nilikaa nayo mapajani mpaka yakapoa.

Septemba 19

Jua kali kuliko siku zote. Ng'ombe wa Ndaskoi wamevamia mashamba.

Ilikuwa mchana. Walinusa maji ya mfereji mkuu kutoka mbali, wakatimua mbio, na hakuna fimbo inayoweza kumzuia ng'ombe mwenye kiu. Wakapita katikati ya majaruba, wakaulaza mpunga, wakasimama ndani ya mfereji wakinywa. Watu walitoka na marungu. Niliposikia kelele nilikimbia na kanga moja. Nikaona duara la wanaume, na katikati Ndaskoi yuko chini, amekumbatia kichwa, na wanapiga huku wanaita, "Mwizi! Mwizi wa maji!"

Mmoja wa waliokuwa wakiita ni Fanueli. Sikumwona akipiga. Lakini alikuwa anaita, tena kwa sauti kubwa kuliko wengine, na mdomo wake nilivyouona ukifunguka sitausahau mpaka nakufa.

Niliingia katikati. Rungu moja lilinipata begani, ndipo walipoacha. Ndaskoi amevunjika mkono na jicho moja halifunguki. Tulimbeba na Nashilu mpaka zahanati kwa bodaboda, yeye katikati yetu, na njia nzima hakulia wala hakusema. Nashilu ndiye aliyekuwa akisema, maneno ya Kimaa, polepole, sijui kama alikuwa anaomba au analaani.

Nimerudi, Fanueli ameosha vyombo. Hajawahi kuosha vyombo. Nimemwambia, "Mkutano ni Jumapili. Nitasema." Akaendelea kupangusa sufuria.

Septemba 22

Mkutano mkuu ulikaa baada ya ibada, uwanjani, watu wote na suti zao za kanisani. Ndaskoi alikuja, mkono umefungwa shingoni. Alikaa peke yake upande wa jua, hakuna aliyemsogezea benchi.

Nathanael alisema jambo ni moja tu. Mkutano ukimsafisha Ndaskoi, yeye mwenyekiti atathibitisha na geti litafunguliwa leo leo. Usipomsafisha, geti litabaki limefungwa mpaka mavuno, na wafugaji wajitafutie. Kisha akasoma orodha ile tena.

Nikasimama.

"Ndugu zangu, mimi ndiye niliyewasomea maneno ya siri," nilisema. "Tulipiga makofi. Tulisema hakuna wa kuzibua kimya. Sasa nawaambia nani amezibua kimya. Ni mume wangu, Fanueli. Alifungua geti la birika kwa jina la Ndaskoi, akamwagilia jaruba letu, na wali wa maji hayo ningeula mimi. Siku kumi nimejua nikanyamaza. Sasa nataka kila aliyebonyeza neno la Narok asimame."

Nilisikia mtoto akinyonya.

Fanueli alisimama. Sikutegemea, kweli sikutegemea. Alishika kofia mbele ya tumbo akasema, "Ni kweli. Ni mimi. Mara nne." Kisha akabaki amesimama, akigeuza shingo huku na huku, akisubiri wenzake. Nami nilisubiri. Niliwatazama mmoja mmoja wale wenye majaruba ya chini, watu niliokua nao, walionibebea mama mdogo wangu. Walitazama chini, walitazama mlima, mmoja alianza kumfunga mwanawe kamba za viatu.

"Mzee Sifael," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya kuomba. "Shikamoo baba. Wewe sema."

"Marahaba," alisema.

Nathanael alikohoa. "Basi, mara nne ni za Fanueli, atatozwa faini na atasimamishwa msimu mmoja. Hizi nyingine zote bado ni za Ndaskoi. Wanaotaka geti libaki limefungwa wanyooshe mikono."

Niliitazama mikono hiyo. Mpaka leo nilikuwa siwezi kusema nani alitoboa na nani hakutoboa, lakini nilijua mashamba yao yote, na mikono iliyonyooshwa ya kwanza ilikuwa ya wenye mpunga wa kijani. Mzee Sifael alinyoosha wake mpaka kwenye kiwiko tu, ukabaki hapo. Wenye majaruba ya juu nao waliona wengi wamenyoosha, wakafuata.

Ndaskoi alikuwa wa kwanza kuinuka. Alipita karibu yangu, akasimama, akasema, "Asante, Mama Anaeli," kwa adabu ile ile ya siku zote. Hakumtazama Fanueli. Ningependa angenitukana.

Septemba 23

Mlangoni kwetu wameandika MWIZI kwa mkaa. Mwandiko naujua, ni wa mtu aliyenyoosha mkono.

Septemba 30

Jua. Fanueli anakula peke yake jikoni. Anasema nilimvua nguo mbele ya watu. Nikamwambia watu wengine wote walikuwa wamevaa za Ndaskoi.

Oktoba 7

Tunafukuza kwelea kwelea kutwa. Sauti imekauka.

Oktoba 10

Wamehama. Niliwakuta njiani asubuhi, punda wamebeba ngozi na masufuria, ng'ombe waliobaki wanatembea bila kupigwa. Wanaelekea upande wa Handeni kwa ndugu zao. Nashilu alinishika mkono. Ndaskoi alikuwa mbele sana, hakugeuka nyuma, na mimi sikumwita.

Oktoba 19

Godwin amekuja kubadilisha maneno ya siri ya mageti mengine. Safari hii alimnong'oneza kila mmoja sikioni, na hakuna aliyesimama kupinga. Lile la birika hakulibadilisha, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Mzee Sifael hakuja. Wanasema anaumwa.

Novemba 5

Tumevuna. Mpunga ni mwingi, niseme ukweli, magunia yamejaa na punje ni nzito. Mabua yamebaki mashambani hakuna wa kuyala. Watu wamejaribu kuyachoma, moshi umetanda bonde zima na macho yanawasha.

Novemba 12

Ripoti ya msimu imeingia kwenye kishikwambi. Nathanael ameichapisha na kuibandika ofisini. Inasema matumizi ya maji yameboreka kuliko ilivyotarajiwa, na inatupongeza. Chini kuna mpango wa msimu ujao, kila geti na mgawo wake. Mbele ya geti la birika pameandikwa: "Mahitaji: sifuri."

Nilifikiri ni kosa. Nilimpigia Godwin.

"Si kosa, mama," alisema. "Algoriti inatazama takwimu. Tangu Septemba hakuna ng'ombe aliyekunywa pale. Kwa hiyo imejifunza kwamba hakuna ng'ombe."

"Walikuwepo! Wamekufa na wengine wamefukuzwa!"

"Hilo halipo kwenye takwimu."

Kisha akasema, si kama mtu wa kampuni, kwamba hata yeye hajalala vizuri tangu asikie. Anaweza kulifungua geti lile kutoka kwake, likubali tena neno la Narok, bila kumsubiri mwenyekiti, na wakija kunywa msimu mmoja tu mfumo utajifunza upya. Nikamwambia fungua. Nikamwambia nitawarudisha mimi.

Novemba 14

Vuli haijanyesha. Watu wanatayarisha vitalu na mto hauna kitu. Nampigia Nashilu kutwa, hapatikani.

Novemba 17

Leo nimempata. Ilikuwa mchana, nimekaa mezani, kishikwambi mbele yangu, na Fanueli amekaa upande wa pili anakula. Ameanza kurudi mezani wiki hii, kimya kimya, bila kukaribishwa na bila kufukuzwa.

Nilimwambia Nashilu geti limefunguliwa. Nilisema haraka haraka, nikiogopa mtandao utakata. Nilisema warudi, birika litakuwa lao, nitalilinda mwenyewe, hata nikilala pale.

"Limefunguliwa na nani?" aliuliza.

"Na kampuni."

"Kwa jina la nani?"

"La Ndaskoi. Ndivyo lilivyoandikishwa."

Nilisikia upepo wa huko waliko na mtu akikohoa, kikohozi kirefu cha kifua kibovu.

"Mkono haukuunga," alisema mwishowe. "Hashiki fimbo tena. Huku anaitwa mwizi wa maji, habari ilitutangulia. Mama Anaeli, wewe ulikuwa mwema kwetu. Mwambie huyo mtu wa kompyuta alifute hilo jina huko. Tusije tukasikia tena limefanya kitu."

Akakata simu.

Nilianza kumwandikia Godwin. Sikuwa nimemaliza hata mstari mmoja kishikwambi kilipolia. Nilifikiri ni yeye. Maandishi yalikuwa mafupi: "Geti la birika limefunguliwa nje ya zamu. Mtumiaji: Ndaskoi."

Niliyasoma mara mbili. Kisha nikainua macho. Fanueli alikuwa ameacha kula. Ameona maandishi kutoka alipokaa, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza, ina ugali.

"Si mimi," alisema.

Nikamwambia najua.